Vitabu Chini ya Jina la Waluhya

Vitabu vinavyokusanywa chini ya jina la Waluhya haviunganishwi na fani, wala na nyakati, wala na lugha vilivyoandikiwa. Kinachoviunganisha ni jina tu, na jina lenyewe ni changa kuliko baadhi yake. Miongoni mwavyo mna sarufi iliyotungwa na mmishonari, utafiti wa juzuu mbili wa mwanaanthropolojia Mjerumani, tafsiri kadhaa za Biblia ambazo wasomaji wake hawajapata kukubaliana ni ipi iliyo katika lugha yao hasa, historia mbili za koo zilizofuatana kwa karibu sana, uchunguzi wa maisha ya wajane, na kitabu kizima kuhusu ramani. Anayevitafuta katika maktaba kubwa huvikuta vimepangwa pamoja kwa sababu wakutubi hutumia kichwa cha mada, yaani neno au fungu la maneno linaloandikwa katika kumbukumbu ya kila kitabu ili vitabu vya jambo moja vipatikane mahali pamoja. Mpangilio huo hurahisisha kutafuta, lakini pia huwapa wasomaji ahadi ambayo waandishi wenyewe hawakuitoa, kwamba vitabu vyote hivyo vinazungumza juu ya watu walewale.

Hoja ya sura hii ni kwamba ahadi hiyo haitimizwi mara nyingi, na kwamba msomaji anayeiamini bila kuichunguza huishia kuwahesabia mamilioni ya watu yale yaliyosemwa kuhusu kijiji kimoja, ukoo mmoja au dhehebu moja. Kakamega ndipo mahali panapofaa kuanzia uchunguzi huo. Mji huo ulifanywa makao makuu ya utawala wa wilaya ya Kavirondo Kaskazini mwaka 1920, yalipohamishwa kutoka Mumias, ukawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi wakati wa uhuru, na leo ni makao ya kaunti inayobeba jina lake. Mabaraza yaliyojadili jina la watu wa wilaya hiyo yalikutana hapo, na maafisa ambao barua na ripoti zao zimewalisha wanahistoria karibu wote waliotajwa katika sura hii walifanya kazi hapo.

Waluhya, kwa maelezo mafupi, ni jamii za Kibantu za magharibi mwa Kenya ambazo idadi yake hutegemea anayehesabu, ingawa wengi hutaja kati ya kumi na sita na kumi na nane: Wabukusu, Wamaragoli, Wanyore, Watiriki, Waidakho, Waisukha, Wawanga, Wamarama, Wakisa, Watsotso, Wakabras, Watachoni, Wakhayo, Wamarachi, Wasamia, Wanyala na wengineo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wote pamoja kuwa watu zaidi ya milioni 6.8, idadi iliyowaweka katika nafasi ya pili nchini baada ya Wakikuyu. Makao yao ya asili yamo hasa katika kaunti za Kakamega, Bungoma, Vihiga na Busia, ijapokuwa wengi wamehamia Trans Nzoia, Nairobi na miji mingine. Sensa huandika Luhya, kwa herufi h. Wanaisimu na wakutubi wengi wa ng'ambo huandika Luyia. Waandishi wa kwanza wa historia waliandika Baluyia au Abaluyia. Na lugha yenyewe imeitwa Luluyia, Oluluyia na Kiluhya. Tofauti hizo zinaweza kuonekana kuwa jambo dogo la tahajia, lakini kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta ya maktaba zina uzito wa kutosha, kwa sababu mashine haijui kwamba majina hayo yote yanataja watu walewale.

Vitabu vya zamani zaidi katika kundi hili havilijui jina hilo hata kidogo. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyefika kwa Mumia, mtawala wa Wawanga, mwaka 1883 na kutoa kitabu cha safari yake mwaka 1885, aliwaita wenyeji wote wa eneo hilo Wakavirondo, jina ambalo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakilitumia kwa watu wa mashariki mwa Ziwa Victoria bila kujali kama walisema Kijaluo au lugha ya Kibantu. C. W. Hobley, afisa wa utawala aliyekaa Mumias katika miaka ya 1890, alichapisha mwaka 1902 uchunguzi wake wa jamii za huko, na jina alilokipa kitabu chake lilitaja Uganda Mashariki. Hakukosea. Hadi mwaka huo huo wa 1902 eneo lote lilikuwa mkoa wa mashariki wa Himaya ya Uganda, kisha likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo mojawapo ya vitabu vya kwanza kueleza mila za Wawanga na majirani zao kiko katika rafu za Uganda, sawa na kitabu kikubwa cha Harry Johnston cha mwaka huo kuhusu Himaya ya Uganda, chenye kurasa za maelezo na picha za watu wa Kavirondo. Mtafiti anayeanzia na kifungu cha Kenya hukosa vyote viwili, na hasara hiyo imesababishwa na mpaka uliochorwa upya ofisini.

Majina ya jamii moja moja nayo yamevurugika vivyo hivyo. Wabukusu, kwa mfano, wamo katika nyaraka za mwanzo za kikoloni kwa jina la Kitosh au Ketosh, ambalo halikuwa lao bali walipewa na majirani. Katika utafiti wa Wagner, utakaojadiliwa hivi punde, wanaitwa Vugusu. Na mwandishi wao F. E. Makila, katika historia aliyoitoa mwaka 1978, aliwaita Babukusu. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na faharasa, yaani orodha ya majina na mada mwishoni, isiyo na neno Bukusu hata mara moja, na bado nusu ya kitabu hicho ikawa juu ya Wabukusu.

Jina la pamoja lilizaliwa katika mazingira ya ugomvi wa ardhi. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega, na mamia ya Wazungu wakamiminika na hema, mashine na vibali vya kuchimba katika ardhi ambayo mwaka uliotangulia tu ilikuwa imehakikishwa na Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji kuwa mali ya Waafrika milele. Sheria hiyo ilisema kwamba ardhi ikitwaliwa, ardhi nyingine itolewe badala yake na baraza la wenyeji lishauriwe. Mwishoni mwa 1932 serikali iliirekebisha ili fidia ya fedha itoshe na mashauriano yaachwe. Kwa Waisukha, Waidakho na Wamaragoli ambao mashamba yao yalikuwa juu ya miamba ya dhahabu, somo lilikuwa wazi: ukoo mmoja peke yake hauwezi kuizuia serikali. Chama cha North Kavirondo Central Association, kilichoibuka katika miaka hiyo kikiongozwa na vijana waliosoma katika shule za misheni, kilitaka watu wa wilaya nzima wazungumze kwa sauti moja, na kwa sauti moja walihitaji jina moja ambalo halikuwa Kavirondo, jina walilolichukia kwa kuwa walipewa na wageni. Katika miaka ya 1930 neno Abaluyia, lenye maana inayohusishwa na watu wanaokutana mahali pamoja pa wazee wa ukoo, lilianza kuonekana katika maandishi ya vyama hivyo, na kufikia miaka ya 1940 lilikuwa limekubaliwa na vyama vya wenyeji mijini na kuingia taratibu katika lugha ya serikali. Historia ya dhahabu yenyewe imeandikwa kwa kina na Priscilla Shilaro katika kitabu cha mwaka 2008, kitabu ambacho jina lake lina neno Kakamega lakini halina neno Luyia, na ambacho kwa sababu hiyo wakutubi wengi wamekiweka kwenye rafu ya uchumi na migodi. Ni hasara, kwa maana ni vigumu kupata kitabu kingine kinachoeleza vizuri zaidi hasira iliyolizaa jina.

Kazi ya Günter Wagner ndiyo inayoonyesha mabadiliko hayo waziwazi kuliko nyingine yoyote, na inastahili kusomwa kwa makini. Wagner alikuwa mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefanya utafiti katika Kavirondo Kaskazini kati ya 1934 na 1938, yaani wakati uleule ambapo machimbo ya dhahabu yalikuwa yakifanya kazi na jina la Abaluyia likianza kutamkwa. Mwaka 1940 alichangia sura katika kitabu mashuhuri kuhusu mifumo ya kisiasa ya Afrika kilichohaririwa na Meyer Fortes na E. E. Evans-Pritchard, na sura yake ilihusu siasa za Wabantu wa Kavirondo. Juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu, iliyotoka 1949, ilibeba jina la Wabantu wa Kavirondo Kaskazini. Miaka mitano baadaye, katika mkusanyiko wa Daryll Forde kuhusu imani na falsafa za jamii za Afrika, sura ya mtafiti huyohuyo, iliyotokana na madaftari yaleyale ya utafiti, ilichapishwa kwa jina la Abaluyia wa Kavirondo. Watu hawakubadilika kati ya 1940 na 1954. Kilichobadilika ni jina ambalo mhariri wa London aliona linafaa kuwekwa juu ya ukurasa. Wagner hakuishi kuona kazi yake ikikamilika, kwani alifariki mwaka 1952, na juzuu ya pili, inayohusu uchumi, ikatolewa mwaka 1956 chini ya uhariri wa Lucy Mair.

Lakini kuna jambo ambalo vichwa vya kazi zote hizo vinalificha. Wagner alijikita katika jamii mbili, Wamaragoli wa kusini na Wabukusu wa kaskazini, na mengine aliyoyasema kuhusu jamii zilizobaki ni machache na ya kulinganisha tu. Aliandika kwamba kwa Wamaragoli hapakuwa na mamlaka ya juu kuliko ukoo, hoja ambayo ina ushahidi mwingi kwa Wamaragoli, lakini ambayo haiwezi kuhamishiwa kwa Wawanga waliokuwa na ufalme wa Nabongo (cheo cha mfalme wao), wenye mrithi, baraza na mabalozi, kabla ya Mzungu wa kwanza kufika Mumias. Kwa sababu kazi yake imewekwa chini ya jina la Waluhya wote, vitabu vingi vya shule na makala nyingi za magazeti zimekuwa zikirudia kwamba Waluhya hawakuwa na wafalme, na papo hapo, kurasa chache mbele, zikimsifu Nabongo Mumia kama mfalme wa Waluhya. Sentensi hizo mbili haziwezi kuwa za kweli zote mbili. Kila moja ni ya kweli kwa jamii moja.

Mahali ambapo jina lilijaribiwa kwa ukali zaidi ni katika vitabu vya lugha na vya dini. Kila misheni ilikuwa imechagua lahaja ya mahali ilipojenga kituo na kuifanyia tahajia yake. Wakweka wa Kimarekani, waliofika Kaimosi mwaka 1902, walifanya kazi zaidi katika Lulogooli, lahaja ya Wamaragoli, ambako Emory na Deborah Rees wa Vihiga walianza tafsiri na ambako Mmaragoli Joel Litu alikuwa nguzo ya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, hata Biblia nzima ya Lulogooli ikatoka mwaka 1951. Kanisa la Mungu huko Kima lilitafsiri kwa Lunyore. Waanglikana wa Church Missionary Society, ambao walianzisha kituo cha Butere mwaka 1912, walitumia lahaja za katikati mwa wilaya, za Wawanga na Wamarama na majirani zao. Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa na vitabu vyao vya sala. Mtoto aliyehama kutoka Vihiga kwenda Butere angeweza kulazimika kujifunza kusoma upya lugha ambayo nyumbani aliisikia na kuielewa, na afisa wa elimu wa Kakamega aliyetaka kitabu kimoja cha darasa la kwanza kwa wilaya nzima alikuwa na kila sababu ya kukata tamaa.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikaundwa kamati ya lugha ya Luyia, ambayo ilimhusisha Shemasi Mkuu wa Kavirondo, Walter Edwin Owen, aliyekuwa maarufu kwa kutetea Waafrika mbele ya serikali, na mmishonari L. L. Appleby, ambaye alibeba sehemu kubwa ya kazi ya kiufundi na kutunga msamiati na sarufi ya lugha iliyosanifiwa. Kusanifisha lugha maana yake ni kuchagua, kati ya namna nyingi za kusema jambo moja, ile itakayoandikwa shuleni, vitabuni na makanisani. Uchaguzi huo hauwezi kufanyika bila mtu kushindwa. Lahaja za katikati zilichaguliwa kuwa msingi. Wamaragoli, ambao tayari walikuwa na maandiko yao na shule zao, hawakuona sababu ya kuacha vitabu walivyovizoea, na Wabukusu walilalamika kwamba Luluyia iliyoandikwa haikuwa lugha iliyozungumzwa Bungoma. Jaribio hilo lilichunguzwa na P. A. N. Itebete katika mkusanyiko wa W. H. Whiteley kuhusu lugha nchini Kenya, uliotoka mwaka 1974, na hukumu yake haikuwa ya kutia moyo. Hata hivyo vitabu vilivyotokana na jaribio hilo vimebaki: Biblia nzima ya Oluluyia ilichapishwa katika miaka ya 1970, na Agano Jipya la Lubukusu likafuata katika miaka ya 1990, ishara kwamba suluhisho la watu wa kaskazini halikuwa kuikubali Oluluyia bali kupata lao. Leo katika ibada moja ya mazishi mjini Kakamega si ajabu kusikia somo likisomwa kutoka Biblia ya Oluluyia, wimbo ukitolewa kwa Lulogooli, na mahubiri yakahamia Kiswahili ili kila mtu afuate.

Wanaisimu baadaye waliliweka jambo hili kwa utulivu zaidi. Rachel Angogo Kanyoro, katika utafiti uliochapishwa Vienna mwaka 1983, alipima jinsi wasemaji wa lahaja mbalimbali wanavyoelewana na kuonyesha kwamba zipo zinazokaribiana sana na zipo ambazo wasemaji wake huhitaji mazoea kabla ya kuelewana. Jina alilolipa kitabu chake lilitaja umoja ndani ya utofauti, na ni jina la haki. Mfumo wa kimataifa wa misimbo ya lugha nao umelipa jina Luyia hadhi ya lugha mwavuli, yaani jina la juu linalofunika lugha kadhaa zenye misimbo yao wenyewe, kama vile Lubukusu, Lulogooli, Luwanga na Lunyore. Mfumo huo unatambua kile ambacho rafu ya maktaba haitambui, kwamba kuna ngazi mbili za majina na kwamba ngazi ya chini ndiyo yenye wasemaji.

Kizazi cha wanahistoria kilichokuja na uhuru kilikuwa na kazi tofauti: kulipa jina lililokwisha kuzoeleka historia inayolistahili. John Osogo alitoa historia yake ya Wabaluyia mwaka 1966, na Gideon Were akatoa ya Abaluyia mwaka 1967, pamoja na mkusanyiko wa masimulizi ya wazee aliyoyakusanya kutoka kwa Waluhya, Wateso na Wakalenjin wa Mlima Elgon. Tarehe hizo hazikutokea kwa bahati tu. Mwaka 1962 tume ya mipaka ya majimbo ilikuwa imesikiliza madai ya viongozi wa eneo hilo waliotaka jimbo lao wenyewe badala ya kubaki sehemu ya Nyanza, na Mkoa wa Magharibi wenye makao Kakamega ukapatikana. Mkoa ulikuwepo kabla ya historia yake kuandikwa. Cha kusifiwa kwa waandishi hao wawili ni kwamba hawakuficha ushahidi uliopingana na jina lililo juu ya majalada yao. Were anaonyesha ukoo baada ya ukoo kwamba mababu walitoka pande mbalimbali, wengi kutoka upande wa Uganda, wengine wakiwa na asili ya Kikalenjin au ya Kimaasai, na kwamba waliokutana katika vilima vya magharibi hawakuwa familia moja iliyotawanyika. Msomaji anayesoma historia hiyo kwa uangalifu hutoka na hakika kwamba jina la Waluhya ni la makubaliano, wala hapungukiwi na kitu kwa kulijua hilo. Masimulizi yaliyochapishwa pamoja na historia yake, ambayo hutajwa mara chache kuliko kitabu chenyewe, yana thamani kubwa zaidi leo, kwa sababu waliosimulia hawapo tena, ilhali hitimisho la mwandishi linaweza kujadiliwa upya na yeyote mwenye maandishi hayo mkononi.

Baada ya hapo rafu ilijaa kwa kasi, lakini haikujaa sawasawa. Walter Sangree alikuwa ametoa mwaka 1966 utafiti wake wa Watiriki, jamii iliyochukua mfumo wa marika, yaani makundi ya rika yanayopanda daraja pamoja tangu tohara hadi uzee, kutoka kwa majirani zao Waterik wenye lugha ya Kikalenjin. Kitabu hicho kinaeleza jinsi mfumo huo ulivyogongana na kuungana na makanisa, na ni vigumu kuona namna ambavyo kingeweza kuwa kitabu cha Waluhya wote, kwa kuwa sehemu kubwa ya jamii zilizobaki hazikuwa na mfumo huo kwa sura hiyo. Jan de Wolf alitoa mwaka 1977 uchunguzi wa mabadiliko ya dini na maisha kwa Wabukusu, na Makila akafuata mwaka mmoja baadaye na historia iliyoandikwa kutoka ndani. Kenda Mutongi aliandika, mwaka 2007, kitabu kuhusu wajane wa Maragoli katika karne ya ishirini, kilichojengwa juu ya dhana ya Wamaragoli ya dhiki ya moyo, yaani namna mjane alivyoyaweka matatizo yake mbele ya jamaa, machifu, wachungaji na mahakama ili wanaume wawajibike kumsaidia. Ni mojawapo ya vitabu bora zaidi vilivyoandikwa kuhusu sehemu yoyote ya Kenya, na uzuri wake umetokana na kukataa kusema zaidi ya Maragoli. Mutongi kisha akaondoka kabisa kwenye rafu hiyo na kuandika historia ya matatu za Nairobi.

Julie MacArthur ndiye aliyefanya jina lenyewe kuwa mada. Kitabu chake cha mwaka 2016, kuhusu ramani na fikra za kisiasa katika Kenya ya kikoloni, kinaonyesha jinsi viongozi wa Kavirondo Kaskazini walivyojifunza kuchora mipaka, kuhesabu watu, kutunga historia na kujadili lugha ili kuwafanya wakoloni na wenyeji waamini kwamba jamii hiyo ipo. Kuna kejeli ndogo katika ukweli kwamba kitabu kinachoeleza kuwa Uluhya ulijengwa na watu wenye kalamu na ramani sasa kimewekwa chini ya kichwa kilekile cha mada ambacho kinachambua. Hilo halimpunguzii mwandishi kitu, lakini linamkumbusha msomaji kwamba katalogi haisomi vitabu.

Ni jambo la kuangaliwa pia kwamba jina hilo halikusanyi kazi za ubunifu. Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli, aliweka tamthilia zake mashuhuri katika nchi ya kubuni ya Kafira, na Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, aliandika riwaya ya Siku Njema kwa Kiswahili na kumsafirisha mhusika wake kutoka Tanga hadi Kenya. Hakuna mkutubi aliyeziweka kazi hizo chini ya kichwa cha Waluhya, na ni sawa, kwa kuwa kichwa cha mada hufuata kinachozungumziwa wala hakifuati asili ya anayezungumza. Lakini matokeo ni kwamba anayetaka kujua namna watu wa magharibi walivyofikiri juu ya mamlaka, familia na safari hupewa wageni wanaowaeleza na kunyimwa wenyeji wanaowaza.

Ukivipanga vitabu vyote hivyo kwa majina ya jamii badala ya jina la pamoja, picha hubadilika mara moja. Wamaragoli na Wabukusu wana vitabu vya kutosha kujaza rafu zao, kuanzia kwa Wagner hadi kwa Mutongi. Wawanga wana maandishi mengi kwa sababu ya Mumia, ambaye Osogo alimwandikia kitabu cha peke yake. Watiriki wana Sangree. Wakhayo, Wamarachi, Watsotso, Wakisa na Wakabras wanaonekana zaidi katika sura za vitabu vya wengine, katika orodha za koo za Osogo na Were, katika masimulizi ya wazee na katika tasnifu za wanafunzi. Jina la pamoja limeuficha upungufu huo kwa zaidi ya nusu karne, kwa sababu kila aliyefungua katalogi aliona vitabu vingi vya Waluhya na kuamini kwamba wote wameshaandikwa.

Marekebisho hayahitaji fedha nyingi wala tume. Maktaba ya taifa ina tawi lake mjini Kakamega, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kina maktaba na idara zinazofundisha lugha na historia. Kinachotakiwa ni kila kumbukumbu ya kitabu kuongezewa jina la jamii inayozungumziwa hasa, na kila jina la zamani, Kitosh, Vugusu, Kavirondo na mengineyo, kuelekezwa kwa jina linalotumika leo, ili mwanafunzi wa Butere au wa Malava asilazimike kufahamu historia ya ukoloni kabla ya kupata kitabu cha historia. Wakufunzi nao wawaelekeze wanafunzi wao kwenye jamii ambazo bado hazina kitabu, wakianza na wazee walio hai. Na msomaji anayekutana na sentensi inayoanza kwa kusema kwamba Waluhya hufanya hivi au huamini vile, aulize kwanza mwandishi alikaa kijiji gani.